Picha Haihitaji Dirisha

Skrini ya laptopu yangu ilikufa wakati wa kusi, wiki ileile niliyomaliza kupiga picha karatasi za kasha la nyumbani. Haikuvunjika wala kuanguka. Ulianza mstari mmoja wa zambarau upande wa kulia, siku ya pili ikawa mitatu, na asubuhi moja nikaiwasha, feni ikazunguka, taa ndogo ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Fundi aliyeifungua alinionyesha waya mwembamba wa skrini: pini zake zimeota kutu ya kijani. Huku kwetu Lamu chumvi haiji na maji peke yake. Huja na upepo, ikakaa kwenye bawaba, kwenye redio, kwenye kila kipande cha shaba kilichoachwa wazi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa hai. Ndani yake mlikuwa na picha 612, kila picha ukurasa mmoja wa karatasi ambazo ami yangu amezilinda tangu babu afariki: hati za mashamba, barua kutoka Unguja na Mombasa, hesabu za majahazi, na madaftari matatu ya tungo zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Masika yalikuwa yamepenya darini. Tulipofungua kasha, karatasi za chini zilikuwa zimeshikana na mchwa wameshaanza pembeni. Ami hakusema mengi. "Zipige zote kwanza. Mengine tutazungumza baadaye."

Nikazipiga zote kwa simu, kwenye kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani wa nyumba zetu za mawe, kwa sababu hapo ndipo jua linaposhuka moja kwa moja bila kupita mahali pembamba. Kila karatasi niliilaza juu ya kitambaa cheusi. Siku sita.

Nataka kueleza nilivyozisafisha picha hizo kwenye kompyuta isiyo na skrini, kwa lugha ya skripti peke yake, yaani kwa amri zilizoandikwa kwenye faili, bila kufungua dirisha hata moja. Naeleza kwa kirefu kwa sababu najua si mimi peke yangu mwenye kasha. Mji wetu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni huja kutazama milango ya nakshi na kuta za mawe ya matumbawe. Karatasi zilizo nyuma ya milango hiyo hazina anayezitazama, na kila masika hupungua.

Skripti nilikuwa nayo tayari. Niliiandika skrini ilipokuwa nzima, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, ikitumia moduli ya tkinter kusoma picha na kuzipunguza ukubwa. Laptopu ilikuwa na huduma ya SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka kifaa kingine kwa amri za maandishi, ambayo nilikuwa nikihamishia faili kutoka kwenye simu, basi nikaingia kwa simu hiyohiyo kupitia Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, na kuandika amri ya kuiendesha. Ikakatika papo hapo. Ujumbe ulisema hakuna skrini iliyotajwa, na kigezo cha DISPLAY, kile kinachotaja skrini ya kuchorea, hakijawekwa.

Ujumbe ule niliutazama muda mrefu. Mimi sikuomba kuonyeshwa kitu. Nilitaka faili isomwe, ipunguzwe, iandikwe faili nyingine. Skrini inaulizwa ya nini?

Ni habari ya asili. Moduli ya tkinter ni njia tu ya kuifikia Tk kutoka ndani ya Python, na Tk ilizaliwa pembeni mwa lugha nyingine kabisa, Tcl, ambayo John Ousterhout aliianza mwaka 1988 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kazi ya Tk ni kuchora madirisha, vitufe na menyu. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha laptopu yangu, huyachora kupitia mfumo wa X, ulioanzia MIT mwaka 1984, na kabla ya kufanya lolote lazima X iitikie. Kwa Tk, picha ni kitu cha kutundikwa dirishani. Pasipo na dirisha, picha haina pa kukaa, hata kama wewe ulitaka kuhesabu pikseli zake tu, yaani vile vitone vya rangi vinavyoiunda.

Kuna wanaoanzisha skrini ya bandia kwa programu ya Xvfb ili Tk iridhike. Inafanya kazi, lakini sikuipenda. Ni kujenga ukuta mzima ili upate pa kutoboa dirisha usilochungulia. Kuna pia Pillow, maktaba nzuri ya Python isiyohitaji skrini yoyote, na ukiwa na intaneti na kompyuta yenye afya, ichukue bila kusita. Mimi sikuichukua kwa sababu mbili. Bando lilikuwa limekwisha. Na nilitaka, mara moja katika maisha yangu, kuona kilichomo ndani ya faili ya picha kwa mkono wangu.

Lakini kabla ya kuiacha ile skripti ya zamani, kuna kosa nililoligundua ndani yake ambalo lingekuwepo hata skrini ingekuwa nzima, na hili naomba mwenye karatasi za Kiarabu alisome mara mbili. Ili kupata vijipicha vya kupitia haraka, nilitumia amri ya Tk inayopunguza picha mara nane. Amri ile haipunguzi kwa kuchanganya. Inachukua pikseli moja, inaruka saba, inachukua moja, inaruka saba. Kwa picha ya bahari hutaona kasoro. Kwa khati ni maafa, kwa sababu nukta ya kalamu ni kitu kidogo, na nukta ikiangukia kwenye zile saba zilizorukwa, imepotea. Be bila nukta yake si be. Te iliyobaki na nukta moja si te. Neno linageuka, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba limegeuzwa.

Nilipofuta skripti ile nilijisikia nimeokoa kitu.

Faili rahisi kuliko zote za picha ni ya jamii ya PPM, ambayo Jef Poskanzer aliitengeneza miaka ya 1980 ili picha ziweze kupita hata kwenye barua pepe za wakati ule. Toleo lake la baiti (baiti ni namba moja, kuanzia 0 mpaka 255) linaanza kwa herufi P6, kisha upana na urefu kwa tarakimu za kawaida unazoweza kusoma kwa macho, kisha 255, ambacho ndicho kiwango cha juu cha mwanga. Baada ya hapo ni baiti tupu: nyekundu, kijani, buluu, nyekundu, kijani, buluu, kutoka pembe ya juu kushoto mpaka pembe ya chini kulia. Kama picha ni ya kijivu, inaanza kwa P5 na kila pikseli ni baiti moja. Ndiyo yote. Ukijua kusoma mstari wa juu na kuhesabu, umeshaifungua picha.

Simu haitoi PPM, hutoa JPEG, faili ya picha iliyobanwa, na JPEG kuifungua kwa mkono ni kazi ya miezi. Hapo sikujitia ushujaa. Laptopu yangu ilikuwa na programu ndogo iitwayo djpeg, inayotokana na maktaba ya Independent JPEG Group ya mwaka 1991. Unaipa faili ya JPEG, nayo inamwaga PPM. Skripti yangu inaiita, inapokea baiti, haigusi skrini.

Hiyo djpeg ina hekima moja iliyonifurahisha sana. Unaweza kuiambia itoe picha kwa nusu, robo au thumuni ya ukubwa. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, na namba ya kwanza ya kila mraba hubeba wastani wa mwanga wa mraba mzima. Ukiomba thumuni, djpeg huchukua wastani huo na kuacha mengine. Kwa hiyo vijipicha vinatoka haraka, na nukta ya kalamu haitoweki. Inafifia tu, ikaacha kivuli chake ndani ya wastani. Ni tofauti kubwa kati ya kufifisha na kufuta.

Basi nikawa na baiti. Simu yangu hupiga picha ya pikseli 4032 kwa 3024, yaani pikseli 12,192,768, na kwa rangi tatu ni baiti zaidi ya milioni 36. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuzigeuza kuwa orodha ya Python, nizipitie moja moja. Laptopu ikaanza kujikokota kama jahazi lisilo na upepo. Sababu ni kwamba orodha ya Python haiweki baiti yenyewe. Kwa kila moja huweka kielekezi, yaani anwani ya mahali ilipo, na kielekezi kwenye mashine ya biti 64 ni baiti nane. Milioni 36 zikawa milioni 292, kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili, na hapo bado sijafanya kazi yoyote.

Dawa ni kuziacha baiti zibaki baiti, na kuzikata. Python ina ukataji unaokuwezesha kusema anza hapa, ruka hivi. Mistari mitatu hii, ambamo data ni baiti zote za picha, hutenganisha rangi za ukurasa mzima:

nyekundu = data[0::3]
kijani = data[1::3]
buluu = data[2::3]

Hakuna kuzunguka pikseli moja moja, kazi yote inafanywa ndani ya tumbo la Python kwa kasi ya lugha ya C. Kugeuza ukurasa wa kijivu juu chini ni kusoma baiti zake kinyumenyume, data[::-1], basi. Kuuzungusha robo ya duara kuelekea mkono wa kulia ni kuchukua kila safu wima kutoka chini kwenda juu, data[x::upana][::-1], kwa kila x kuanzia sifuri, na kuziunganisha kwa mfuatano. Mara ya kwanza mstari huo ulipofanya kazi nilicheka peke yangu pale barazani, na mtu aliyekuwa akipita na punda wake akasimama kuniuliza nimepata habari gani njema.

Kuzungusha kuna kisa chake. Unaposhika simu wima na kupiga picha, simu haizungushi pikseli. Kihisi kinaandika kama kilivyolala, kisha simu inaongeza namba moja kwenye sehemu ya faili iitwayo Exif: 1 maana yake iache ilivyo, 3 igeuze juu chini, 6 izungushe robo kuelekea kulia, 8 robo kuelekea kushoto. Simu hujua namba ya kuandika kwa kuhisi upande dunia inapoivuta. Lakini mimi nilikuwa nimeinamia karatasi sakafuni, simu imelala bapa, na simu iliyolala bapa haijui juu ni wapi. Ikaandika 6 kwa ukurasa mmoja, 1 kwa unaofuata, 8 kwa mwingine. Nilipoteza jioni nzima nikiandika sehemu ya kusoma namba hiyo, na nilipoitii, kurasa zikatoka zimetawanyika kila upande.

Ufumbuzi ulikuwa kutoisikiliza kabisa. Mimi niliishika simu kwa namna moja siku zote sita, na djpeg haijali Exif. Hutoa pikseli kama kihisi kilivyoziandika. Kwa hiyo ukurasa wowote ukiuzungusha robo kuelekea kulia unasimama sawa. Kurasa zote 612, kanuni moja.

Hata hivyo jioni ile haikupotea bure, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha jambo la mwelekeo wa baiti, na nililielewa kwa kutazama barua za babu. Baiti moja haipiti 255. Upana wa 4032 unahitaji baiti mbili: 15 na 192, kwa kuwa 15 mara 256, ongeza 192, ni 4032. Swali ni ipi itangulie. JPEG huandika kubwa kwanza, 15 kisha 192. PNG, aina nyingine ya faili ya picha, vilevile ni kubwa kwanza. BMP, aina ya tatu, huandika ndogo kwanza, 192 kisha 15, na ukizisoma hizo mbili kwa mpango wa wenzake utapata 49,167, upana wa picha ambayo haipo. BMP ya kawaida pia hupanga mistari yake kuanzia chini kwenda juu, kama mwashi anavyopandisha ukuta. Na Exif? Exif inaanza kwa herufi mbili za kutangaza mwelekeo wake: II kwa ndogo kwanza, MM kwa kubwa kwanza. Inawezekana kabisa JPEG ya kubwa kwanza ikabeba tumboni mwake Exif ya ndogo kwanza.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliona ni vurugu. Kisha nikachukua barua moja ya hesabu ya mazao. Maneno yake ni Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, yanakwenda kutoka kulia. Katikati ya mstari kuna hesabu ya nazi, na tarakimu zake zinasomwa kutoka kushoto. Babu aliandika mielekeo miwili katika mstari mmoja na hakuna aliyemsoma akachanganyikiwa, kwa sababu kila msomaji alijua akifika kwenye namba ageuze jicho. Tangu siku hiyo sijakosea tena mwelekeo wa baiti.

Sasa kazi yenyewe: kutenga wino na karatasi. Karatasi zimekuwa za rangi ya chai, zina madoa ya maji, na wino wa mahali pengine umefifia. Nilitaka kurasa nyeupe zenye maandishi meusi, zisomeke kwenye simu ya mzee mwenye macho mazito.

Hatua ya kwanza inayokuja akilini ni kuweka kizingiti. Unachagua kiwango cha mwanga. Kilicho chini yake ni wino, kilicho juu yake ni karatasi. Python inaruhusu kufanya hivyo kwa pigo moja: unatengeneza jedwali la baiti 256, za chini sifuri, za juu 255, na kuipitisha picha nzima kwenye jedwali hilo kwa amri ya translate. Kiwango chenyewe unaweza kukitafuta kwa njia aliyoichapisha Nobuyuki Otsu mwaka 1979: hesabu pikseli ngapi zina kila kiwango cha mwanga, jaribu kila kizingiti, chagua kile kinachoyaacha makundi mawili mbalimbali kadiri iwezekanavyo. Ni hesabu fupi na nzuri.

Kwenye kurasa zangu ilishindwa. Jua la kiwandani husogea. Nilipoanza asubuhi kivuli kilikuwa upande wa magharibi, adhuhuri kikanywea, alasiri kikahamia upande wa pili, na kurasa nyingi zina pembe moja yenye giza. Kizingiti kimoja kwa ukurasa mzima kiligeuza pembe ile kuwa nyeusi tii, herufi na karatasi pamoja. Macho yangu hayakuona kivuli kile wakati wa kupiga, kwa sababu macho hurekebisha yenyewe. Namba hazina huruma hiyo.

Kizingiti lazima kibadilike kila mahali. Kila pikseli uilinganishe na wastani wa jirani zake, tuseme mraba wa pikseli thelathini na moja kila upande. Ikiwa na giza kupita wastani kwa kiasi fulani, ni wino. Lakini kujumlisha pikseli 961 kwa kila pikseli moja, kwa Python, ningesubiri mpaka kaskazi. Hapa kuna hila ambayo Frank Crow aliieleza mwaka 1984. Unatengeneza kwanza jedwali la jumla, ambamo kila nafasi ina jumla ya mwanga wote ulio juu yake na kushoto kwake. Ukishakuwa nalo, jumla ya mraba wowote, mkubwa au mdogo, unaipata kwa namba nne za pembeni tu: pembe ya chini kulia, toa ya juu kulia, toa ya chini kushoto, ongeza ya juu kushoto kwa kuwa uliitoa mara mbili. Namba nne badala ya 961.

Nilipunguza kurasa kwa nusu, 2016 kwa 1512, zikawa na pikseli milioni tatu na kidogo, na nukta zilikuwa bado zinaonekana wazi. Jumla kubwa kabisa inayoweza kutokea ni pikseli zote mara 255, kama milioni 777, ambayo inaingia kwenye namba ya baiti nne, hivyo jedwali zima lilichukua megabaiti 12 tu. Ukurasa mmoja ulichukua sekunde kama ishirini. Nikaiacha laptopu ikivuma gizani baada ya isha, na kabla ya usiku wa manane kurasa zote zilikuwa tayari.

Kwa usiku ule nilifanya uamuzi mmoja ambao niliuona wa busara. Badala ya kutumia kijivu cha kawaida, kile cha kuchanganya asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu kama jicho linavyoona, nilitumia baiti nyekundu peke yake. Nilikuwa nimejaribu kurasa kadhaa za barua na kuona ajabu: madoa ya chai na ya maji yalitoweka. Sababu ni kwamba doa la kahawia lina nyekundu nyingi. Ukitazama kwa nyekundu tu, doa linang'aa karibu sawa na karatasi yenyewe. Ukitazama kwa buluu, doa hilohilo ni jeusi kama wino. Kurasa zilitoka safi kiasi kwamba nilizituma kwa Maalim kabla sijazipitia zote.

Maalim ni mzee aliyetufundisha sisi na wazazi wetu, na khati za zamani anazisoma kama sisi tunavyosoma mabango. Nilimkuta barazani kwake baada ya alasiri, simu mkononi, miwani puani. Alisoma barua mbili kwa furaha. Alipofika kwenye daftari la tungo akapunguza mwendo. Akarudi nyuma. Akaanza tena, akaunganisha mwisho wa kipande na mwanzo wa kingine, mizani ikamvunjikia mdomoni.

"Mwanangu," alisema, "aliyeandika hapa hakuwa mtu wa kumwaga maneno hivi. Alama zake umezipeleka wapi?"

"Alama gani, Maalim?"

"Za kupumzikia."

Nilifungua picha ya asili kwenye simu yangu. Kati ya kila kipande na kipande, katika kila ubeti, mlikuwa na alama ndogo tatu za wino mwekundu. Kwenye kurasa zangu safi palikuwa peupe. Wino mwekundu nao una nyekundu nyingi. Kilichofuta madoa ndicho kilichofuta alama, kwa sababu ileile, na skripti ilifanya nilichoiagiza kwenye madaftari yote matatu bila kunionya.

Picha za asili zilikuwepo, sikuzigusa, na hilo naliweka kama sharti kwa yeyote atakayefuata njia hii: faili iliyotoka kwenye simu haifunguliwi kwa kuandikwa juu yake, kamwe. JPEG ikihifadhiwa upya hupoteza kidogo kila mara, na kidogo hicho huanza na nukta. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, maana ukiituma kama picha inabanwa njiani.

Usiku ule sikulala vizuri, ila si kwa huzuni. Nilikuwa nawaza juu ya rangi. Wino mweusi una giza kwenye nyekundu, na una giza kwenye kijani. Wino mwekundu unang'aa kwenye nyekundu, lakini una giza kwenye kijani. Doa la kahawia linang'aa kwenye nyekundu, na kwenye kijani lipo katikati, tena limetanda polepole, hivyo kizingiti cha wastani wa jirani hulimeza sehemu kubwa. Basi kosa langu lilikuwa nusu ya jibu. Ukurasa upitishwe mara mbili, mara kwa nyekundu na mara kwa kijani. Palipo na giza kwenye zote mbili ni wino mweusi. Palipo na giza kwenye kijani peke yake ni wino mwekundu. Kwingine kote ni karatasi.

Rangi tatu tu, na PNG imejengwa kwa ajili ya jambo kama hilo. PNG ilikuja mwaka 1996, baada ya kampuni ya Unisys kuanza kudai haki yake ya hataza juu ya ubanaji uliotumika katika GIF, faili ya picha iliyoitangulia, na ni faili iliyopangwa kwa adabu. Baiti nane za mwanzo ni 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10, na karibu kila moja ina zamu ya ulinzi: 137 hugundua kama kuna mahali palipokata biti ya nane, herufi tatu ni jina lake, 13 na 10 hugundua kama kuna programu iliyobadilisha miisho ya mistari ikidhani ni maandishi. Baada ya hapo ni vipande, kila kimoja kina urefu wake, jina lake la herufi nne, mzigo wake, na namba ya CRC ya kuthibitisha kwamba mzigo haukuharibika. Kipande kiitwacho PLTE ndicho sahani ya rangi. Yangu ina baiti tisa: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Kila pikseli inaandikwa 0, 1 au 2, kila mstari unatanguliwa na baiti moja ya sifuri kusema kwamba haukuchujwa, na mzigo wote unabanwa kwa zlib, moduli ya ubanaji ambayo Python huja nayo. CRC pia inatoka kwenye moduli hiyohiyo. Kuandika PNG kamili kulinichukua mistari kumi na minne.

Safari hii kila ukurasa ulichukua sekunde arubaini, na kurasa 612 zikawa karibu saa saba. Niliamka kwa adhana ya alfajiri nikashika simu kabla ya kuwasha taa. Kurasa zilikuwa zote. Kurasa za barua zilikuwa na vitone vyekundu hapa na pale kwenye kingo za madoa makali, na hivyo nimeviacha. Heri kitone kisicho na maana kuliko alama iliyofutwa. Kurasa kumi na tisa za chini ya kasha bado hazisomeki kwa rangi yoyote. Nimezitenga, na karatasi zake ami amezifunga kwa kitambaa cha pamba.

Alasiri nikarudi kwa Maalim. Sikumwambia nilichofanya. Nilimpa simu imefunguliwa kwenye daftari la pili, ukurasa uleule uliomkwaza, nikakaa kwenye baraza ya upande wa pili. Aliisogeza karibu na miwani, akaisogeza mbali kidogo, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma kipande cha kwanza akanyamaza. Akasoma cha pili akanyamaza. Alipomaliza wa kwanza aliingia ubeti wa pili bila kuniangalia, na watoto waliokuwa wakipita kuelekea Mkunguni wakapunguza mwendo kumsikiliza.